Bi Muzdalifa Mtoro: Aliyezuia Utani Usiuzwe kwa Wenye Ndege

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Muzdalifa Mtoro anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika ofisi yetu ya mikoko hapa Kibiti. Aliingia akiwa mtunza kitalu cha miche, anatoka akiwa msimamizi wa doria na upimaji, na katikati hapo hakuna bosi aliyepita ofisini ambaye hakuumwa kichwa kwa ajili yake. Nayasema haya mapema ili asiyetaka kusikia atoke nje akanawe mikono, chakula kiko karibu.

Anayeandika ni miye, Sadala Mwinyimvua, nahodha wa boti ya ofisi. Kisomo changu ni cha watu wazima, cha jioni, na kalamu kwangu ni nzito kuliko kasia. Kamati ilimpa karani kazi hii. Karani akaja kuniuliza miye habari zote, nikamwambia, mwanangu, kama maneno ni yangu basi na mkono utakuwa wangu. Nilistaafu kabla ya Bi Muzdalifa, wakaniita nirudi kwa mkataba kwa sababu waliokuja nyuma yangu waliikwamisha boti kwenye matope mpaka ikaota chaza. Hakuna mlango wa Rufiji unaotoka baharini nisioujua, maji yamejaa au yamekupwa. Na kuna sababu ya pili. Miye Mmatumbi, yeye Mndengereko wa Mbuchi, na baina yetu tunataniana toka enzi za babu zetu. Mtani anasema penye sherehe na penye msiba, na hakuna wa kumkamata. Haya.

Alizaliwa Mbuchi, kwenye nyumba ambayo maji ya bamvua yalikuwa yakifika kizingitini. Shule akamalizia Ikwiriri, akaajiriwa, akapewa kitalu. Miche yake haikufa. Iliyokufa aliing'oa akaibeba ofisini kumwonyesha aliyeleta mbegu. Baadaye wakamhamishia doria. Doria ya mikoko si matembezi. Ni kuzama kwenye tope mpaka mapajani, na kukutana na wakata boriti ambao wakikuona hawakimbii, wanakukaribisha chai. Wenzake waliogopa ile chai. Bi Muzdalifa alikuwa anaipokea, anakunywa, anamaliza, anashukuru kwa adabu zote, halafu anakusanya mashoka. Wakata boriti walimwita Shangazi Mashoka, na wawili kati yao leo ni walinzi wa msitu wa kijiji, aliwafundisha yeye.

Ana neno lake moja, na kila aliyekaa ofisini zaidi ya wiki analijua: "Umeona au umeambiwa?" Ukimwambia msitu umekatwa upande fulani, umeona au umeambiwa? Nikimwambia mafuta ya boti yamekwisha, umeona au umeambiwa na mshale? Nafungua tangi, anachungulia. Mwenzetu Nasra alipoposwa, wajumbe wa upande wa bwana wakasema kijana ana nyumba Mbagala. Watu wote wameshaanza kupiga vigelegele, Bi Muzdalifa akauliza neno lake. Ikabidi watu wapande basi waende kuangalia. Nyumba ilikuwepo. Ilikuwa ya shangazi yake.

Sijasahau pia siku aliyonishushia magunia yangu ya mpunga ufukweni Mbuchi, mbele ya watu, eti boti ya ofisi haikuandikwa mpunga. Miye niliyemvusha kwenye mawimbi ambayo nahodha mwingine angeyasomea dua tu. Magunia yakaja kwa mtumbwi wa kukodi. Nilimnunia mwezi mzima, na hakugundua.

Sasa nije kwenye jambo lililotutenganisha, ambalo mpaka leo tukipakia boti tunapishana maneno.

Ndege ikiruka inachoma mafuta, na moshi wake una ile wanayoiita hewa ukaa, inayoipasha dunia moto. Mashirika ya ndege yamewekewa kikomo cha moshi. Anayekizidi, badala ya kushusha ndege chini, anaruhusiwa kununua cheti kwa mtu aliyezuia moshi wa kiasi hicho hicho mahali pengine. Na tope la mikoko, wanasema waliosoma, limefunga hewa hiyo kwa wingi kuliko msitu wa nchi kavu. Ukikata mikoko ukalima, inatoka. Ukiiacha, inabaki ndani ya tope. Basi kampuni moja ya Dar es Salaam ikamtuma kijana wake, Hemedy, aje kuwaambia watu wa Mbuchi kwamba wanaweza kuuza hewa.

Nilimwambia kabla hatujafunga kamba gatini: "Mwanangu, hilo neno hewa ulishike kwa adabu. Nchi hii imeshasikia wafanyakazi hewa, wanaolipwa na hawapo. Ukisimama ukasema biashara ya hewa, watu wanaondoka."

Hakunisikia. Vijana wa Dar hawasikii. Akasimama shuleni, mbele ya kijiji kizima, akasema biashara ya hewa ukaa. Watu wakaangua kicheko mpaka mbuzi wakatoka kivulini. Bibi mmoja aliyekaa mbele, mkulima wa mpunga, yeye alisikia kaa tu, na kaa ndio wanaomkatia miche yake kila msimu. Akasema, "Kama mnanunua hewa ya kaa, wachukueni na kaa wenyewe. Hatutaki chenji."

Kisha akasimama Zaidi, mdogo wake Bi Muzdalifa, tumbo moja. "Bwana Hemedy, hii ndege ndogo inayotupita hapa juu kila asubuhi kwenda Mafia, imeshalipa?"

"Hiyo ni ya ndani ya nchi, kaka. Utaratibu huu ni wa zile zinazovuka mipaka, zinapita juu sana."

"Kwa hiyo tunayoiona hailipi, na inayolipa hatuioni."

"Ndivyo ilivyo kwa sasa."

"Basi kweli hewa," akasema Zaidi, akakaa.

Miye nikauliza la kwangu: kama moshi ni mbaya, si waruke mara chache? Hemedy akasema, mzee, watu wana haraka. Nimeendesha boti maisha yangu yote sijaona haraka iliyowahi kumfikisha mtu kabla ya maji kujaa. Lakini nikaona mkutano umepoa, kijana anatoka jasho, na boti nimeileta miye, aibu yake itakuwa yangu. Nikasimama kuuchangamsha.

Nikasema, "Mwanangu Hemedy, nunua upesi. Hawa Wandengereko ukiwaachia panga wiki moja tu, mikoko yote hii mpaka baharini wameila. Na mizizi wataiunga nazi."

Watu wakafa kwa kicheko. Yule bibi akanijibu, "Nyamaza weye Mmatumbi, umeshuka mlimani juzi kufuata chumvi, hata kuogelea hujui." Nikajibu, nikajibiwa, mkutano ukapata uhai, na Mbuchi wakakubali kwamba mradi uandaliwe. Nasema bila kuficha: bila miye mradi ule ungekufa palepale shuleni. Hemedy alikuwa ameinua simu juu muda wote, anarekodi.

Ikapita kama miezi mitano. Akarudi Kibiti, akatandika shuka jeupe ukutani ofisini, akawasha mashine yake, nikajiona. Sadala mzima na kofia, mbele ya watu wa Mbuchi, na chini ya kidevu changu yanapita maneno ya Kiingereza. Nikauliza yanasema nini. Akasema, "Yanasema mzee maarufu wa delta anathibitisha kwamba wakazi wakiachiwa, msitu wote utakwisha." Sijawahi kuitwa maarufu kwa Kiingereza. Ikafuata ramani, na Mbuchi yote ilikuwa nyekundu mpaka baharini. Nyekundu ni msitu ambao ungekatwa kama hautalipiwa. Nyekundu ikiwa kubwa, vyeti vinakuwa vingi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, akawa anachekelea peke yake kwenye kiti.

Bi Muzdalifa akanyoosha mkono.

"Hemedy, mwanangu, huyu mzee ni mtani wetu. Unalijua hilo?"

Kijana akashusha sauti. "Najua, mama. Hata sisi kwetu tuna watani. Lakini wanaonunua hawaujui utani."

"Ndiyo maana hatuwezi kuwauzia," akasema.

Mwenyekiti akaacha kuchekelea. Nami nilikasirika, na sioni kwa nini nifiche. Neno langu limeshafika Ulaya, limetafsiriwa, limepakwa rangi, yeye analirudisha. Nikamwambia, mtani, ndege imesharuka, moshi umeshatoka, mwenye ndege mwenyewe anataka kulipa na hajalalamika. Weye ni nani wa kukataa kupokelea watu wa kwenu? Akaniuliza kama ule msitu wa baharini nimeuona unakatwa au nimeambiwa. Nikamwambia sijaona wala sijaambiwa, nimesema. Akasema basi twende tukaone.

Tukaenda. Yeye, Hemedy na miye kwenye usukani, siku nyingi kuliko nilizotaka. Hemedy alikuja na viatu vyeupe, kimoja kiko chini ya tope la Mbuchi hadi leo. Tukaingia msitu wa upande wa bahari. Huko hakuna maji matamu, mpunga hauoti. Miti imepinda, boriti hutoi. Tope linamla mtu mpaka kiunoni, hata mwizi hana haja ya kwenda. Babu zao hawakukata huko na wajukuu zao hawatakata, ulipe usilipe. Bi Muzdalifa akasimama kwenye omo, mbele ya boti, akasema huu hauuziki.

Nikamwuliza unanuka, au umeoza, hata usiuzike?

Akasema, "Mzee Sadala, mti huu ungesimama tu hata kama ndege zisingebuniwa. Wakitulipa kwa ajili yake, ndege imeruka na moshi wake wote, na huku hakuna moshi uliopungua hata chembe. Wao wamekwenda safari yao, sisi tumekula, na joto liko palepale. Na bahari ikipanda haitakwenda Ulaya, itaanza na Mbuchi."

Hemedy alikuwa anafinya tope kwenye soksi. Kisha akaanza kuandika.

Sijakubali mpaka leo. Miye naona mtu aliyetunza asilipwe kidogo kuliko mharibifu. Anayekata ukimlipa aache, asiyekata unamwambia ahsante? Hilo swali nilimuuliza Hemedy, akasema hata wataalamu wakubwa linawagonganisha vichwa. Nikamwambia wanitafute.

Msitu unaokatwa kweli uko upande wa juu, maji matamu yanakofika. Huko mpunga unaota, kwa hiyo kila msimu mkulima anasogeza majaruba yake ndani kidogo, anakwangua gome, mkoko unakauka ukiwa umesimama. Hapo Bi Muzdalifa hakubishana. Nyekundu ni hapa, akasema. Kukatwa kukikoma hapa, moshi umepungua kweli, mtu alipwe. Na ili kukome, upitishwe mstari, wanaolima ndani ya mstari watoke, wapewe sehemu yao ya malipo, mikoko irudi.

Na sasa mnielewe kwa nini nimechoka na huyu mama. Ofisi nzima tulijua kwamba akistaafu anarudi Mbuchi, kwenye shamba la mpunga aliloachiwa na mama yake. Zaidi ndiye anayelilima, na lilikuwa linawatosha wote wawili. Miaka yote akichoka doria alikuwa akituhesabia atakavyolima. Bati za nyumba alishazinunua, zimelala kwa Zaidi. Shamba lile mama yake alilifyeka ndani kuliko wote. Mstari ukinyooshwa, linaondoka lote.

Hemedy mwenyewe ndiye aliyeona kwanza. Akasema, "Mama, hapa tunaweza kuupinda kidogo. Hakuna atakayeona."

"Wewe umeshaona," akamjibu. Mstari ukanyooka.

Zaidi alikuja gatini akatukuta tunapakia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Dada, kama ni kutoa, si ungeanza na la jirani?"

"Nikianza na la jirani, Zaidi, nikifika kwetu nitasema nini?"

"Ungesema umechoka, umestaafu."

"Sijastaafu bado."

Akasema, "Bati zako nitakuletea Kibiti," akaondoka. Tukarudi mtoni kutwa nzima hakuna aliyeniambia hata nipunguze mwendo.

Mkataba ulisainiwa mwaka jana, shuleni palepale, kwa ule ukanda mwembamba wa juu tu. Ramani iliyokuwa nyekundu kama sahani ya achari ikabaki na wekundu wa ukingo. Zahanati ya Mbuchi imeezekwa. Watu wananung'unika kwamba ile ramani ya kwanza ingeezeka na nyumba ya mganga, na wanasema kweli. Wapo ambao hawamwamkii Bi Muzdalifa hadi leo. Zaidi kapewa kipande nyuma ya mstari, kinamtosha yeye na wanawe, hakigawanyiki. Wanasalimiana. Na kwenye lile shamba la mama yao mikoko ya mikandaa imeanza kuota yenyewe, hakuna aliyepanda. Nimeona kwa macho yangu, msiniulize.

Hemedy bado tunafanya naye kazi, na siku hizi anakuja na mabuti. Amewaandikia wanunuzi kwamba maneno ya mzee maarufu yafutwe, yalikuwa mzaha. Kwa hiyo kwenye Kiingereza sipo tena. Nani wa kunirudisha? Hamna.

Ofisi inamshukuru Bi Muzdalifa kwa kitalu kisichokufa, kwa walinzi aliowatoa kwenye mashoka, kwa vijana waliofundishwa kupima tope bila kulikisia, na kwa mambo mengine ambayo karani ameyapanga vizuri ukurasa wa nyuma. Wakubwa watayasema kwa hotuba. Miye nashukuru kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekufa kwenye doria yake, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya nahodha.

Lakini kamati nayo imenichosha. Nimesikia zawadi yake ya kustaafu ni sofa. Seti nzima, ya rangi ya damu ya mzee. Anaenda kuiweka wapi? Nyumba ya Mbuchi haikujengwa, shamba hakuna, na yeye mwenyewe ametangaza kwamba atapanga chumba Ikwiriri, jirani na stendi, apumzike. Mwanamke aliyezoea tope mpaka mapajani anaenda kukaa kwenye sofa kusikiliza honi za mabasi ya Lindi. Nimempa miezi mitatu kabla hajaanza kukagua tiketi za abiria.

Kwa hiyo nimeamua la kwangu bila kamati. Nina shamba Mtawanya, kila mtu analijua, hakuna lenye mihogo kama ile. Upande wa chini kuna bonde linalotuamisha maji masika yote, na mpunga pale unakubali. Bonde hilo nimemkatia Bi Muzdalifa, na kiwanja cha nyumba kwa juu yake penye ukavu. Si kwa kukodi wala kwa kulima nusu kwa nusu. Ni lake. Wanangu nimewaita nikawaambia, aliyenuna amenuna. Mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote wametembea na miye mpaka kwa mpaka. Zaidi amekubali kuleta zile bati wiki ijayo kwa mtumbwi wake mpaka nchi kavu, na kutoka hapo tutapakia gari. Alipojua zinakwenda wapi aliuliza kama nafasi ipo na yeye aje kusaidia kujenga. Nikamwambia wapiga misumari hawakataliwi.

Mwenyewe hajaambiwa. Anasikia sasa hivi hili linaposomwa, kama nyinyi. Namjua, hapo alipo ameshaanza kuinuka kutaka kukataa, na akipewa nafasi ataleta hoja mpaka chakula kipoe. Bwana mshereheshaji, kipaza sauti usimpe.

Mtani wangu, kapumzike kwa kulima. Mungu akupe afya, mvua ya kiasi na majirani wenye subira, maana wataihitaji. Masika hayangojei mtu, na jembe uje na lako, langu siazimishi.